Kabla ya kumwita Magufuli mkweli au mwongo, tuangalie aliwafanyia nini waliokuwa na kazi ya kuhesabu

Wakuu, salamu kwenu.

Kila ikikaribia Machi 17, siku aliyofariki Magufuli, jukwaa hili linagawanyika mapande mawili. Huku wanabandika picha za daraja la Kigongo–Busisi na treni ya SGR, kule wanabandika picha ya gari la mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu likiwa na matundu ya risasi. Hawa wanaitwa Sukuma Gang, wale wanaitwa vibaraka wa mabeberu, na uzi unafungwa bila mtu kujibu swali la mwenzake. Mwaka huu nimeamua kuandika mimi, kwa sababu kazi ninayofanya imenifundisha kuliangalia jambo hili kwa namna ambayo sijaiona humu.

Mimi ni mhasibu wa halmashauri. Ni ipi, tuiache. Niliingia kazini kabla ya 2015, nikafanya kazi chini ya JK (Kikwete), kisha JPM (Magufuli), na sasa Mama (Samia). Mwaka 2015 nilimpigia kura JPM kwa moyo wote na sijajuta kwa kura ile. Hata wiki haijaisha tangu aapishwe Novemba 5, akaingia Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za CT scan na MRI hazifanyi kazi. Desemba 9 akafuta gwaride la Uhuru, akasema tufanye usafi, na hela ya sherehe, bilioni 4, ikaenda kupanua barabara ya Morocco–Mwenge. Siku ile nilishika fagio mtaani kwetu na jirani ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu kampeni. Januari 2016 ada zikafutwa hadi kidato cha nne, na fedha zikaanza kuingia kwenye akaunti za shule kila mwezi. Hilo sikulisikia kwenye hotuba, nililiona kwenye taarifa za benki. Anayesema mtu yule hakufanya kitu, hakuwa anaangalia.

Sasa nije kwenye ukweli, maana mwenyewe ndiye aliyetuwekea kipimo. Karibu kila mkutano alikuwa anasema "msema kweli mpenzi wa Mungu". Tumpime hapo hapo.

Niwaeleze kidogo jinsi ukaguzi unavyokwenda, kwa wasiojua. Wakaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakifika tunawapa chumba, meza mbili na kabati lenye kufuli. Wanaleta orodha: tunaomba vocha namba hii hadi hii. Tunawapelekea bando zimefungwa kwa kamba, zina vumbi. Mkaguzi anafungua vocha moja moja na kutafuta viambatisho: dokezo lililoidhinishwa, mkataba, hati ya kupokelea vifaa, risiti ya mashine ya kodi (EFD). Kikikosekana kimoja anaandika hoja. Hoja si tuhuma ya wizi. Hoja maana yake ni "nionyeshe", na ukimwonyesha anaifunga mkaachana kwa amani.

Kuna mwaka nililala ofisini siku mbili natafuta hati ya kupokelea mifuko 200 ya saruji ya zahanati. Nilimwambia mkaguzi, kijana mdogo kwangu kwa miaka kumi, "Zahanati si umeiona? Si tumekupeleka mpaka pale ukaingia ndani?" Akanijibu taratibu, "Jengo nimeliona, kaka. Naomba karatasi." Nilichukia sana. Leo naona alikuwa sahihi. Jengo linakuonyesha kwamba kitu kimejengwa. Halikuonyeshi kimejengwa kwa shilingi ngapi, nani kalipwa, na kama ile ziada imerudi.

Hapo ndipo ninapoachana na wengi wa kambi yangu. Ukimuuliza mtu kuhusu ukweli wa JPM anakuonyesha jengo.

Aprili 2018 ripoti ya CAG Profesa Mussa Assad ya mwaka 2016/17 ilitoka. Mbunge wa upinzani Zitto Kabwe akachukua namba mbili: mapato trilioni 25.3, matumizi trilioni 23.79, akauliza trilioni 1.5 iko wapi. Upinzani wakapiga kelele kwamba imeibwa. Serikali ikajibu bungeni kwamba hakuna kilichoibwa, ni tofauti ya namna ya kuweka hesabu. Nawaambia kama mhasibu: safu mbili kutolingana si wizi, na waliosema "wameiba" siku ile walisema wasichokijua. Lakini safu mbili kutolingana ni hoja, na hoja inafungwa kwa karatasi, haifungwi kwa kukemea. Badala yake tukaona nini? Mwisho wa 2018 Assad akasema kwenye mahojiano kwamba ripoti zake kutofanyiwa kazi ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika Ndugai akamwita mbele ya kamati, na Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo huo akaondolewa, akateuliwa Charles Kichere. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kumwondoa vile kulikuwa kinyume cha Katiba.

Mkaguzi anaondolewa kinyume cha Katiba, halafu mnaniambia hesabu zilikuwa safi. Zilikuwa safi kwa ripoti ya nani?

Na haikuwa yeye peke yake. Bunge kuonyeshwa moja kwa moja kulikoma Januari 2016, wakasema ni gharama. Septemba 2018 ikapita sheria iliyofanya kupinga takwimu rasmi hadharani kuwa kosa la jinai, na ilirekebishwa mwaka uliofuata baada ya Benki ya Dunia kulalamika. Mwaka 2019 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wakafanya tathmini ya uchumi wetu, serikali ikakataa isichapishwe. Nikiyapanga haya kwa tarehe naona jambo moja: kila mwenye rula alinyang'anywa rula.

Makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, yanaonyesha vizuri zaidi. Mei na Juni 2017 tulikaa mbele ya televisheni kusomewa ripoti ya Profesa Mruma, kisha ya Profesa Osoro. Julai kampuni ya dhahabu ya Acacia ikaletewa madai ya kodi, riba na adhabu ya dola bilioni 190. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya pato lote la taifa kwa mwaka. Mtaani watu wakapiga hesabu za gari la Noah kwa kila Mtanzania, na wengine waliamini kabisa, wazee kwa vijana. Mwisho wa safari Barrick, wenye hisa nyingi za Acacia, wakakubali dola milioni 300, serikali ikapata asilimia 16 ya hisa na ikazaliwa Twiga, kampuni ya ubia. Kwangu mimi hayo ni mafanikio makubwa, na sheria za 2017 zilizopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6 nazitetea popote. Lakini kutoka bilioni 190 hadi milioni 300 mtu anatakiwa aeleze. Ama namba ya kwanza haikuwa ya kweli, ama tulisamehe deni kubwa kuliko nchi yenyewe bila kuulizwa. Sijamsikia mtu wa kambi yetu akichagua mojawapo.

Ndege vilevile. Alisema tumenunua kwa hela zetu, na ni kweli tulinunua. Serikali ikawakodisha ATCL (Air Tanzania) kupitia Wakala wa Ndege. Machi 2021, siku mbili tu baada ya maziko yake Chato, Kichere akakabidhi ripoti Ikulu: ATCL hasara bilioni 60 kwa mwaka 2019/20, na hasara mwaka hadi mwaka nyuma yake. Shirika la ndege changa kupata hasara si ajabu duniani. Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa tunaambiwa linapata faida, na aliyetilia shaka aliitwa msaliti.

Wapinzani msishangilie. Septemba 2007 pale Mwembeyanga, Dar, Dkt. Slaa wa Chadema alisoma orodha ya mafisadi, na Lowassa, waziri mkuu wa wakati ule, alikuwemo. Miaka minane baadaye Lowassa akawa mgombea wenu wa urais na tukaambiwa mwenye ushahidi aende mahakamani. Slaa akaondoka, baadaye JPM akampa ubalozi. Lowassa naye akarudi CCM Machi 2019. Sasa ufisadi ule ulikuwepo au haukuwepo? Au ulihama chama pamoja na mwenyewe?

Swali langu ni moja, na naomba mtu ajibu bila kutaja daraja wala risasi: rais anayejiita msema kweli, aliwahofia nini wanaohesabu?

#2

Mkuu heshima yako, umeandika vizuri, ila umetukataza kutaja daraja na mimi nitalitaja. Natokea Sengerema. Mwaka 2012 tulifika Busisi usiku na mke wangu ana uchungu, tumetumwa Mwanza kwa rufaa, pantoni ya mwisho imeshavuka. Tulikaa kwenye gari. Wamama waliokuwa wanauza samaki wakatoa khanga zao wakazungushia mlango. Mtoto alizaliwa pale, mzima, Mungu mkubwa, lakini mwanamke wa gari la nyuma yetu hakuwa na bahati hiyo.

Tangu Uhuru walikuja wakubwa wakapanda pantoni ile ile, wakavuka, wakarudi Dar. Mmoja tu ndiye aliyesema hapa linakaa daraja, na kilomita 3 zimejengwa. Juni 2025 limefunguliwa na mimi nimevuka na binti yangu yule yule, sasa yuko sekondari. Wewe unaniuliza karatasi. Karatasi zilikuwepo miaka hamsini, maiti zikawa zinasubiri pantoni.

#3 (mleta uzi)

Mkuu, pole kwa usiku ule. Nimesoma mara mbili na sina la kubishana nawe. Daraja ni lake, wazo ni lake, na Mama amelimalizia. Kama ni bwawa la Nyerere nalo, megawati 2,115, angesikiliza wafadhili lisingejengwa. Nayasema haya bila kulazimishwa.

Ila naomba nawe unisikilize. Daraja la Busisi lilikuwa na mkataba, mkandarasi, bei na tarehe ya kuanza. Huo ni ushahidi kwamba inawezekana kujenga huku unahesabu. Kwa hiyo sikubali wanaposema ilibidi CAG anyamazishwe ili kazi iende. Kazi ipi hasa ilikwama kwa sababu ya mkaguzi?

#4

Mtoa mada unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Unahangaika na vocha wakati kuna watu hawajarudi nyumbani mpaka leo. Ben Saanane, kada wa Chadema, Novemba 2016. Azory Gwanda, mwandishi wa Kibiti, Novemba 2017, mkewe alibaki na mimba. Lissu kapigwa risasi Septemba 7, 2017 mchana kweupe kwenye makazi ya viongozi Dodoma, mpaka leo hakuna aliyefikishwa mahakamani. Mikutano ya hadhara ilifungwa 2016 ikafunguliwa Januari 2023. Hiyo ndiyo rekodi ya kwanza kuandikwa. Ndege na makinikia ni ukurasa wa nyuma.

Halafu unauliza ukweli! Oktoba 2020 nilikuwa wakala wa chama changu. Nilifika kituoni saa 11 na nusu alfajiri na barua ya utambulisho mkononi. Nikaambiwa muhuri haueleweki, nikaulete mwingine. Kutoka pale hadi ofisi ya kata ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Niliporudi upigaji kura ulikuwa umekwenda mbali na bado sikuingizwa. Nilisimama chini ya mwembe mpaka jioni. Matokeo yakatangazwa asilimia 84. Barua ile ninayo, na muhuri unasomeka mpaka leo, ukitaka nakupigia picha.

#5

Mimi ni mwalimu, sina chama. Nimeona hakuna aliyewataja watumishi. Watumishi 9,932 wenye vyeti feki walitajwa Aprili 2017, na pale shuleni kwetu alikuwepo mmoja. Nilimpigia makofi JPM siku ile kwa sababu mimi cheti changu nilikisomea kwa taabu. Lakini mwaka huo huo makato ya bodi ya mikopo ya wanafunzi yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15, na mshahara haukuongezwa mpaka anafariki. Kila Mei Mosi tulisimama juani tukaambiwa tusubiri, kwanza tujenge. Mwaka 2019 baada ya makato yote nilibakiwa na hela ambayo haikufika tarehe 15. Sisemi alikuwa mwongo. Kwenye hilo alituambia wazi kwamba haongezi. Huo nauita ukweli mgumu na sikuupenda, lakini ulikuwa ukweli.

#6 (mleta uzi)

Mwalimu, umesema kitu ambacho mimi sikukiona na nakushukuru. Pale aliposema "sina" au "sitoi" alikuwa mkweli kuliko marais wengi. Tatizo lilikuwa pale aliposema "kuna" na mtu akataka kuhesabu.

Mkuu wa #4, hapana, sijawasahau. Nilikataza risasi kwenye swali kwa sababu kila mara zikitajwa upande wa pili unakimbilia daraja, na kinyume chake. Nimekosea. Mke wa Azory naye anadai maelezo ya maandishi na hajapewa, na deni hilo ni zito kuliko trilioni yoyote. Nalirudisha neno langu. Barua yako itunze mahali pakavu. Ila nawe hujagusa habari ya Lowassa.

#7

Nijibu ya Lowassa mimi, nilikuwa Chadema 2015 na niliimba mabadiliko mpaka sauti ikakauka. Tulijua. Tulijua kabisa, tukasema kwanza tushinde. Nilimtetea kwa mama yangu mzazi, ambaye ndiye aliyenipeleka Mwembeyanga 2007 nikiwa kijana. Mama hakunijibu kitu, aliendelea kuchambua mchele. Tangu siku ile nimekuwa mgumu kumwita mtu wa CCM mnafiki.

#8

Wakuu, mimi ni muuguzi. Huwa nasoma tu, siandiki, lakini hii ya kuhesabu imenigusa.

Takwimu za mwisho za kitaifa za corona enzi za JPM zilitoka Aprili 29, 2020: wagonjwa 480, vifo 16. Siku chache baadaye tukasikia habari ya papai na mbuzi kupimwa na kukutwa na corona, mkurugenzi wa maabara ya taifa akasimamishwa, na Juni tukatangaziwa kwamba imekwisha. Sikumbishia mtu. Mawimbi ya kwanza kwetu yalipungua kweli, na watu walifunga na kuomba kweli, mimi mmojawapo.

Lakini Januari na Februari 2021 ilirudi. Wodi yetu ina vitanda 24 na tulilaza hadi kwenye korido. Mitungi ya oksijeni ilikuwa inabadilishwa usiku kucha, tunaiviringisha wenyewe kwa sababu wabebaji walikuwa wanaogopa. Hatukuwa na kipimo, na neno lenyewe hatukulitamka. Kwenye faili tuliandika "nimonia" au "changamoto ya kupumua". Ndugu wa marehemu wananiuliza, Sista, amekufa na nini, na mimi namwangalia mtu mzima machoni namjibu "kupumua". Februari 17 alipofariki Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ana corona. Tulisikia pale wodini, tukatazamana, hakuna aliyesema neno.

Nimewahi kuwasikia wanaosema alificha ili watu wasiogope. Inawezekana nia ilikuwa hiyo. Lakini mimi niliingia kwenye korido ile na barakoa moja ya kitambaa kwa wiki, kwa sababu ugonjwa ambao haupo hauagiziwi vifaa. Mwenzangu wa zamu ya usiku alilazwa kitanda namba 9, kwenye wodi aliyokuwa anaihudumia. Nilimshonea shuka mimi.

Machi 12 Waziri Mkuu akatuambia Rais yuko salama, anachapa kazi. Machi 17 usiku Mama akatutangazia kifo chake. Nililia kama wote. Nilimpenda yule mzee.

#9

Pole sana dada. Mimi ni shabiki wa JPM na nitabaki kuwa shabiki wake. Lakini hapa sina cha kujibu.

#10 (mleta uzi)

Sista, pole kwa mwenzako na kwa yote. Niulize kitu kimoja kwa heshima, usipopenda usijibu. Umesema kwenye faili mliandika nimonia. Je, mlikuwa na mahali popote mlipohesabu?

#11

Tulihesabu. Kuna daftari la kukabidhiana zamu, lile kubwa la mistari lenye jalada gumu. Sista wa zamu ya usiku, huyo wa kitanda namba 9, ndiye aliyeanza. Kwa kila mgonjwa wa namna ile aliweka nukta ya kalamu nyekundu pembeni ya jina. Hakuandika neno, nukta tu. Alipolazwa tukaendelea sisi. Yeye mwenyewe ana nukta, niliiweka mimi.

Daftari lipo. Liko kabatini ofisi ya wodi, rafu ya chini, pamoja na ya miaka mingine. Hakuna aliyewahi kuja kuliomba.